Bendera ya Siku 33

Kwenye kabati la chumba cha baba, hapa kwetu Njiro, chini ya mashuka ya wageni, kuna sanduku la bati la kijani lililokatika mkono. Ndani yake mna vitu vinne tu. Kuna hati ya shamba, kuna picha ya wanaume kumi na mmoja waliovaa kanzu na makoti, kuna kadi ya chama yenye picha ya jogoo, na kuna kitambaa chekundu chenye duara la kijani katikati, na ndani ya duara karafuu mbili za njano. Kitambaa hicho ni bendera. Ni bendera ya nchi iliyoishi siku 33. Msomaji hesabu mwenyewe: Zanzibar ilipata uhuru wake kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakaingia tarehe 12 Januari 1964. Ukitoa hapo utaona sijakudanganya.

Babu yangu mzaa baba alikuwa katibu wa tawi la Hizbu mtaa wa Malindi, mjini Unguja. Baba yake babu alikuwa mudiri katika serikali ya Sultani. Mapinduzi yalipotokea babu alijificha kwa jirani siku tano, akapanda jahazi usiku hadi Tanga, na toka Tanga akapanda treni akaja kuteremka Arusha kwa sababu ndipo reli ilipoishia. Hivyo ndivyo anavyosimulia baba: si kwamba alichagua Arusha, ila treni iligoma kwenda mbele zaidi. Akafungua kiduka cha vitambaa, akafa mwaka 1988 bila kurudi hata siku moja. Mimi nilizaliwa miaka kumi na moja baadaye.

Nimeanza na sanduku kwa sababu nataka kuuliza swali ambalo limenikosesha usingizi kwa muda mrefu, na nadhani si langu peke yangu. Hivi siasa hurithiwa? Yaani mtu aweza kunikabidhi msimamo kama anavyonikabidhi shamba au saa ya mkononi, na mimi nikawa na wajibu wa kuutunza?

Swali lilinijia kwa simu. Mwisho wa mwaka 2024, tarehe 30 Desemba, alifariki Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, akiwa na umri wa miaka 95. Mzee huyu alitoka Unguja kwa meli siku ile ya Mapinduzi, akaishia Uingereza katika mji wa Portsmouth, akakaa huko zaidi ya nusu karne, na mwaka 2020 tu ndipo Oman ikamruhusu kwenda kumalizia uzee wake kwa ndugu zake. Mimi habari ya kifo chake niliisoma kama unavyosoma habari nyingine yoyote, nikaendelea na chai yangu. Ami yangu aliye Maskati hakuendelea na chai. Alipiga simu analia.

Ami ni kaka yake baba. Alizaliwa Unguja, na Mapinduzi yalimkuta bado mtoto. Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na kuwaita watu wenye asili ya Oman warudi, ami alikwenda akiwa kijana, na tangu hapo yupo. Hupiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Lakini siku ile haikuwa Ijumaa.

"Mwanangu," aliniambia, "mkubwa wetu kaondoka. Sasa sikiliza. Familia hii haijakosa mtu kwenye siasa tangu enzi za babu yangu. Baba yako yeye kachagua mabomba. Mimi huku ni mgeni tu, japo nina pasi. Umebaki wewe. Rudi nyumbani, uingie chamani, mwakani ugombee. Nauli na kula juu yangu."

Kwanza hilo neno "nyumbani". Nyumbani kwangu ni Njiro. Nimezaliwa hapa, nimekua nikipita viwanja vya Nane Nane kwenda shule, na asubuhi nikifungua mlango naona Mlima Meru kabla sijaona mtu. Pili, hayo "mabomba". Baba anauza vifaa vya maji: mabomba, koki, matangi, gundi. Mtoto wa katibu wa tawi, mjukuu wa mudiri, anauza koki. Ami husema hivyo kwa masikitiko kama kwamba baba ameugua. Mimi nilimaliza kidato cha sita, alama hazikutosha kuendelea, nikakaa dukani huku naandika riwaya ambayo haijaisha. Kwa hiyo mtu akisema anatafuta kijana asiye na kazi ya maana wa kumrithisha siasa, hajakosea mlango.

Nilimuuliza ami siasa gani hasa. Akasema: "Siasa ya kuhifadhi." Ndipo nikaanza kulifikiri neno lenyewe. Magazeti huwaita watu wa aina hiyo wahafidhina. Mhafidhina anahifadhi kilichopo kisivunjwe ovyo: mila, dini, mali, heshima ya wakubwa, utawala uliozoeleka. Si jambo baya. Mtu yeyote mwenye mama yake ni mhafidhina kidogo. Lakini aliyekimbia na sanduku la vitu vinne anahifadhi nini? Nyumba ya Malindi wanaishi watu wengine. Shamba limegawanywa. Sultani mwenyewe kafa. Huyu anahifadhi kumbukumbu, na kumbukumbu haina mlango ambao jirani anaweza kuingia akakwambia: bwana eh, hapa si hivi palivyokuwa.

Wakati huo huo wale waliopindua ndio sasa wanaohifadhi. Mzee Abeid Amani Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na mwanawe Amani akawa Rais wa Zanzibar mwaka 2000 hadi 2010. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliiongoza Zanzibar kuanzia 1984, akaenda kuiongoza Jamhuri ya Muungano kuanzia 1985 hadi 1995, na mwanawe Hussein ni Rais wa Zanzibar tangu 2020. Sisemi kwamba ni vibaya, watu walipiga kura. Nasema tu kwamba Mapinduzi yaliyokuja kuondoa kiti kinachorithiwa nayo yamezaa warithi. Ukimwambia kijana wa upande huo abadilishe kitu, anakujibu kwa sauti ile ile ya ami: wazee wetu walimwaga damu, lazima tulinde.

Ami alinipa mfano wa Wakuba. Ana rafiki yake anayewafuatilia sana. "Waangalie Wakuba wa Miami," alisema, "wale ndio wanaojua kushika wasia." Alikuwa na maana ya familia ya Díaz-Balart, nami nikaenda kuisoma. Kisa chao nakisimulia kidogo kwa sababu ni kitamu kuliko riwaya yangu. Rafael Díaz-Balart alikuwa mwanasiasa wa serikali ya Batista, na baba yake naye alikuwa mbunge kabla yake. Dada yake Rafael, Mirta, aliolewa na Fidel Castro mwaka 1948. Ndiyo, Fidel yule yule. Walikuwa shemeji. Ndoa ikavunjika mwaka 1955, na mwaka huo huo Rafael alisimama bungeni kupinga Fidel asisamehewe wala kutolewa gerezani. Wakamtoa. Mwaka 1959 Fidel akashika nchi, na Rafael akajikuta nje, akaanzisha chama cha kumpinga mapema kabisa, Januari ile ile. Wanawe wawili, Lincoln aliyezaliwa Havana na Mario aliyezaliwa Florida, wote wakaingia Bunge la Marekani kwa chama cha Republican. Lincoln alikaa humo toka 1993 hadi 2011, akafariki Machi 2025. Mario aliingia 2003. Mwaka 1996 ilipotungwa sheria ya kuifunga Kuba kwa vikwazo hata rais wa Marekani asiweze kuvifungua peke yake bila Bunge, Lincoln alikuwa mmoja wa walioisukuma. Fikiria: ugomvi wa mashemeji umekuwa sheria ya dola kubwa.

Nakiri kwamba niliwaonea wivu. Kuna kitu cha kupendeza mtu anapojua anasimama wapi tangu tumboni. Na hawakujificha nyuma ya sanduku, walisimama mbele ya wapiga kura wa Miami wakaomba kura, wakapata. Lakini nilipozidi kusoma nikakuta jambo ambalo rafiki wa ami hakulitaja: Lincoln mwenyewe alianza siasa katika chama cha Democrat, akahama mwaka 1985. Kumbe hata wasia ulionyooka namna ile ulipigwa pasi kwanza.

Basi nikaamua kuukagua wasia wetu na sisi. Nikaanza na jogoo wa kwenye kadi.

Hizbu ninayoelezwa na ami ni chama cha mabwana wenye adabu, watu wa kanzu safi, waliotaka Uhuru chini ya kivuli cha Sultani. Sawa. Lakini chama hicho kilichipukia kwa wakulima wa Kiembe Samaki, waliokuwa na hasira na serikali ya kikoloni kwa habari ya ng'ombe wao, na wenye mashamba na wasomi wa mjini waliingia baadaye wakakaa mbele. Si hilo tu. Hizbu hiyo ya babu ilikuwa na ofisi Havana! Wakati ndugu wa Díaz-Balart wanalia Marekani, chama cha babu yangu kilikuwa na wawakilishi wake kwa Castro. Naibu mwakilishi mwaka 1961 hadi 1962 alikuwa kijana Salim Ahmed Salim, huyu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanzania na baadaye Katibu Mkuu wa OAU. Vijana wa Hizbu walipelekwa Kuba wakajifunza mambo ya huko, na mwaka 1963 wengi wao wakamfuata Abdulrahman Babu alipojitenga na kuunda Umma Party, na siku ya Mapinduzi wakawa upande wa pili. Nilipomwambia ami habari ya ofisi ya Havana alisema, "Hizo siasa za vijana." Nikamwambia, "Ami, nami si kijana?" Akacheka, akabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo nirithi Hizbu ipi? Ya Kiembe Samaki, ya Malindi, au ya Havana?

Madrasa tulifundishwa mpangilio wa mirathi, na nadhani ndio uliokuja kunifungua macho. Mtu akifa, kwanza azikwe. Pili, madeni yake yalipwe. Tatu, wasia. Baada ya hapo ndipo warithi wagawane kinachobaki, kama kimebaki. Watu wengi, na ami yangu akiwa mmoja, wakizungumza urithi wa siasa hurukia hilo la mwisho. Wanataka heshima, jina, na haki ya kudai. Madeni hawayataji. Mimi nikasema kama siasa kweli ni urithi, basi nianze na madeni ya babu kama mwalimu wangu alivyonifundisha.

Deni la kwanza nililikuta kwenye hesabu za kura. Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura zote na viti 13. Hizbu na washirika wake wa ZPPP, wenye kura chache zaidi, walipata viti 18 na serikali. Kisheria hakuna aliyeiba, majimbo ndivyo yalivyokatwa. Lakini wewe ungekuwa katibu wa tawi ungelala usingizi? Picha ya wanaume kumi na mmoja imepigwa mwaka huo, na wote wanacheka. Deni la pili ni la mashamba. Baada ya uchaguzi wa 1957, ambao Hizbu haikupata hata kiti kimoja, wapo wenye mashamba waliowafukuza wakulima waliokuwa wakilima chini ya mikarafuu yao, kwa kosa la kupigia kura upande mwingine. Sikuwa na hakika kama babu alikuwa mmoja wao. Baba hajui. Ami alisema hajui, lakini alisema haraka mno.

Nisieleweke vibaya. Upande wa pili nao una madeni, tena makubwa. Watu waliouawa Januari 1964 walikuwa maelfu, wengi wao maskini wasio na shamba wala tawi, na sehemu nyingine walizikwa bila jina. Waliofungwa bila kesi wapo. Mwaka 1970 wasichana waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali. Shuleni kwetu haya hayakuwemo. Tulifundishwa Mapinduzi kwa aya moja, na mwalimu aliposoma "Waarabu wakakimbia" darasa zima lilinigeukia mimi, wakati mama yangu ni Mmeru wa Engare Nanyuki na mimi mwenyewe Kiarabu changu kinaishia kwenye sala. Siku hiyo nilitamani kuwa na mtu wa kunisemea. Hapo ndipo hoja ya ami ina nguvu, na siwezi kuipuuza kwa maneno mepesi: kama kila mjukuu atasema hayanihusu, nani atawasemea wale wa Januari? Kukataa urithi wote ni rahisi kwa mtu aliyeshiba. Na kunyamaza kwa baba dukani miaka yote hii nako ni siasa, ya aina yake.

Hapa Arusha tunaishi na jibu moja la swali hili, ingawa wengi tunapita tu. Wanyarwanda waliokimbia kwao kuanzia 1959 walizaa watoto wakambini, Uganda na kwingineko, na watoto hao ndio waliorudi na bunduki tarehe 1 Oktoba 1990. Tarehe 4 Agosti 1993 walitiana saini ya amani hapa hapa mjini Arusha. Mwaka uliofuata yakatokea yale ya mauaji ya kimbari, na Umoja wa Mataifa ukaleta mahakama, ikakaa hapa mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Baba aliwauzia koki wenye nyumba wengi wa Njiro waliopangisha watu wa mahakama. Biashara ile ndiyo iliyonisomesha. Sisemi ukimbizi wa Wanyarwanda ni sawa na wetu. Nasema nimesomeshwa na pesa iliyotokana na urithi wa kukimbia, na bado sijui niuone vipi. Mhariri akiona hapa pamekuwa parefu akate.

Februari 2025 nilikwenda Unguja. Ami alituma nauli ili nikaonane na watu wa chama, na kweli nilionana nao, wakanipa soda, wakanisifu jina la ukoo, wakaniuliza kama ami bado ana nguvu ya kuchangia. Kesho yake sikwenda tena. Nilichukua hati ya shamba nikapanda daladala ya njia ya Mfenesini.

Shamba la babu lilichukuliwa na serikali mwaka 1964 kama mengine, likagawiwa watu eka tatu tatu. Kulipata haikuwa kazi, niliuliza wazee wawili tu. Nilimkuta kijana wa rika langu anaanua karafuu kwenye jamvi mbele ya nyumba ya mawe na bati. Nikamsalimia, nikamtajia jina la babu yangu. Akaacha kazi, akasimama.

"Umekuja kudai?"

Nikamwambia hapana. Hakuniamini, nami nikatazama mkoba wangu wenye hati nikaona ana haki ya kutoniamini. Akaniambia karibu kitako, akaniletea maji, akakaa mbali kidogo. Baadaye akasema: "Shamba hili hatukuiba. Babu yangu alipewa. Na kabla hajapewa alikuwa akilima muhogo humu humu, chini ya mikarafuu ya babu yako. Walimtoa mwaka wa hamsini na nane, akenda kukaa kwa shemeji yake Bumbwini na watoto wanne. Bibi alikuwa na mimba, akamzaa huko njiani." Aliyasema haya taratibu, bila ukali, kama mtu anayesoma orodha aliyoikariri. Nikatambua hali hiyo. Ndivyo ninavyosimulia mimi jahazi la Tanga.

Kumbe yeye naye kapewa sanduku lake. Naye kaambiwa alinde. Nilimuuliza anapigia kura chama gani, akacheka: "Unauliza tena?" Nikamuuliza kama angekuwa huru kuchagua bila kumfikiria babu yake angechagua kipi. Alifikiri, akasema karafuu zimekuwa bei ya wasiwasi, kijana hana ajira, na aliyewahi kuja kuwauliza wanakula nini hakumbuki ni wa chama gani. "Lakini nikiwageukia hawa," alisema, "si nitakuwa nimemtoa babu kwenye shamba mara ya pili?"

Sentensi hiyo nimerudi nayo Arusha na sijaweza kuijibu. Maana ni hoja ya ami, neno kwa neno, imetoka kinywani mwa mtu ambaye ami anamwita mporaji.

Bibi mzaa mama yupo hai, na nilimwendea Engare Nanyuki kumwuliza yeye. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 toka huko ili mashamba wapewe walowezi, nyumba zao zikachomwa. Bibi alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mwaka 1952 Wameru walichanga pesa wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, Umoja wa Mataifa, kudai ardhi. Hakushinda papo hapo, lakini baadaye ardhi ilirudi mikononi mwa wenyewe. Nilimuuliza bibi, mbona ukoo wako haujawahi kuniambia niendeleze siasa ya Kirilo? Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Niendeleze nini? Tulirudi, tukalima." Akanipa ndizi nimpelekee mama.

Kwa muda niliamini hapo ndipo palipo jibu: kwamba siasa hurithiwa na aliyeshindwa tu, aliyepata shamba lake anasahau. Lakini yule kijana wa Mfenesini amepata shamba na hajasahau. Labda ni kwa sababu alilipata toka kwa mtu aliye hai, mwenye wajukuu wanaoweza kupanda daladala na hati mkobani. Walowezi wa Engare Nanyuki waliondoka na hawakuacha mjukuu anayekuja kuomba maji ya kunywa. Ninavyoona mimi, na naweza kuwa nimekosea, kinachorithiwa si msimamo. Ni shauri ambalo halijasikilizwa pande zote mbili. Ukiingia chamani kwa ajili yake unakuwa wakili wa upande mmoja, nami sina hakika kama hicho ndicho babu anachonidai.

Nilimwambia ami hayo kwa simu, Ijumaa moja ya Machi. Nikamwambia sitagombea. Nikamwambia nitaandika, lakini sitaandika ya Januari 1964 peke yake. Nitaanzia 1957, na mtu aliyetolewa shambani mwaka wa hamsini na nane na mke mwenye mimba atakuwemo, pamoja na aliyemtoa. Ami alinyamaza. Kisha akasema nimetumwa na watu. Kisha akakata.

Ijumaa tatu zilipita simu haikulia. Baba hakuniuliza kitu, ila jioni ya ile ya tatu, tunafunga duka, alisema, "Kaka yangu hajapiga," akarudi kuhesabu gundi.

Ijumaa ya nne ikalia. Hakunisalimia sawasawa.

"Yule wa Mfenesini," alisema, "babu yake anaitwa nani?"

Nikamtajia. Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani salio limekatika. Nasikia kwa mbali feni yake ya Maskati.

"Namjua," alisema mwishowe. "Alikuwa akinibeba begani kwenda kuangalia karafuu zikichumwa. Halafu siku moja nikauliza yuko wapi, nikapigwa." Akakohoa. "Huko Arusha mvua zimeanza?"

Nikamwambia zimeanza.